Mali ya Nani?

Mwombe bibi yako akufungulie kasha, utoe leso moja ya zamani, uikunjue mpaka ukingoni. Huenda ukakuta maandishi madogo: K.H.E. – MALI YA ABDULLA. K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Mama zetu hawakungoja mwanasheria awaeleze kazi ya maandishi hayo. Waliyasoma, wakajua rangi haichuji na pamba haipasuki upesi, wakatoa pesa. Muuzaji mwingine angeweza kuleta leso yenye maua yaleyale, lakini akikosa yale maneno ukingoni alikuwa na kazi ya kujieleza.

Naanza na leso kwa kuwa ndani yake zimo haki zote tatu ambazo watu wetu huziita kwa jina moja. "Mali ya Abdulla" ni alama ya biashara: inamwambia mnunuzi kitu hiki kimetoka kwa nani. Mchoro wa mji na pindo ni kazi ya mkono wa mtu, nao una hakimiliki. Mashine au wino wa namna mpya uliotumika kuichapa ungeweza kupata hataza, ile ambayo kwa Kiingereza cha mitaani tunaiita "patent". Na jina la leso, ile methali iliyopita katikati, kama ni methali ya kale basi ni ya watu wote. Kitambaa kimoja, wenyewe wanne.

Swali lenyewe niliulizwa Faza, kisiwani Pate, kwenye baraza, na bi mkubwa mmoja anayekausha na kuuza ng'onda ya papa. Alikuwa amepata mteja wa Mombasa anayetaka mzigo kila mwezi, ukiwa ndani ya mifuko yenye lebo.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umeyasoma mambo haya. Nataka kulipatent jina langu wasije wakanichukulia."

"Jina halipatentiwi, mama. Jina husajiliwa."

"Si karatasi zote ni karatasi?"

Hapana, na tofauti si ya maneno tu. Ukienda na jina kwenye mlango wa uvumbuzi utarudishwa. Ukienda na utenzi kwenye mlango wa alama utalipa ada ya kitu usichokihitaji. Na ukikaa nyumbani ukidhani cheti cha jina la biashara ulichokipata kwa eCitizen kimekulinda, huenda siku moja ukaletewa barua na mtu mwenye haki zaidi yako juu ya jina unalolitumia miaka kumi. Maoni yangu, baada ya kuyaangalia mambo haya kwa muda, ni kwamba mfanyabiashara wa Faza karibu kila mara anahitaji alama kwanza, makubaliano ya maandishi pili, na kinywa kilichofungwa tatu. Hataza ni ya wachache, na wanaoikimbilia mapema ndio wanaopoteza pesa.

Tuanze na jina. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza, The Kikoy Company UK Limited, iliomba huko kwao lisajiliwe neno "Kikoy" kuwa alama yake. Kikoi, hiki tunachokivaa baada ya kuoga na kwenda nacho msikitini! Ombi lile lingepita, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuziita bidhaa zake kwa jina lake lenyewe. Kelele zikapigwa. Upande wa Kenya ukapata msaada wa shirika la Traidcraft na mawakili wa hukohuko Uingereza, pingamizi likawekwa, na mwaka 2008 ombi likahesabiwa kuwa limeachwa.

Wengi wameikumbuka hadithi hiyo kama ya wizi wa wazungu. Mimi huichukua kama hadithi ya daftari. Ofisi ya alama, iwe ya London au ya Nairobi, haina mtu anayejua kila neno la kila lugha. Hulitangaza ombi, kisha hungoja. Anayekaa kimya anahesabiwa ameridhika. Kikoi kilinusurika kwa sababu mtu alilisoma tangazo kwa wakati.

Kuna pia habari ya "Hakuna Matata". Disney waliomba maneno hayo Marekani mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, na yakasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 watu wengi mtandaoni walitia saini malalamiko kwamba Kiswahili kimeibwa. Hasira ile naielewa, lakini lugha haikuchukuliwa. Alama haikuzuii kusema neno. Inamzuia mwenzako kulitumia kama chapa, kwa aina ile ya bidhaa, katika nchi ile. Faza unaweza kusema hakuna matata mpaka alfajiri, ingawa sisi wa pwani tungesema hapana neno.

Sasa, jina gani linafaa? Watu hupenda jina linaloeleza bidhaa: "Samaki Wazuri", "Ng'onda Tamu", "Faza Fish". Kwa mnunuzi ni majina mepesi, kwa msajili ni mabovu. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, haimpi mtu mmoja neno ambalo wafanyabiashara wenzake wote wanalihitaji kuelezea mali yao, wala jina la mahali likitumiwa kwa maana yake ya kawaida. Faza ni ya kila aliyezaliwa Faza. Hata jina la ukoo peke yake lina taabu. Jina lenye nguvu ni lile lisilohusiana na bidhaa hata kidogo. Yule bi mkubwa nilimpendekezea atafute kitu kama "Tanga Jeupe". Akacheka, akaniuliza tanga na papa vinahusiana nini. Nikamwambia hapo ndipo penye faida: havihusiani, kwa hiyo hakuna mwingine mwenye haja ya kuliita papa wake tanga.

Kabla ya kulipenda jina, lipekue. Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, KIPI, ambayo ofisi yake iko South C mjini Nairobi, hupokea maombi ya upekuzi na hukujibu kama kuna jina linalofanana na lako kwenye daftari. Ada ya upekuzi ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya mifuko elfu iliyochapwa jina la mtu mwingine. Huku ndiko watu wanakookoa shilingi na kumwaga mfuko. Wanachapa lebo Mombasa, wanapaka ubao wa duka, wanalichora jina kwenye ubavu wa boti, ndipo wanauliza.

Ukiomba alama utaulizwa ni ya fungu gani. Duniani mafungu ni 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Mtu wa visiwani inampasa ayajue machache tu. Ng'onda, na samaki au kamba wa barafu, wako fungu la 29. Kamba au kaa akiuzwa hai anahamia fungu la 31, jambo ambalo wanunuzi wa Faza wanaosafirisha kaa hai hulistaajabia wakilisikia. Halwa ni 30. Kofia za vito na viatu vya ngozi ni 25, mikeka ni 27, boti la abiria ni 39, nyumba ya wageni ni 43. Kila fungu lina ada yake, kwa hiyo usiyachukue yote kwa pupa. Chukua lile unalouza leo, na lile utakalouza mwaka kesho kama una hakika nalo.

Baada ya ombi mchunguzi hulitazama. Akiridhika, alama hutangazwa katika jarida la KIPI, na watu wana siku 60 za kuleta pingamizi. Zikipita salama unapata cheti. Kinga inahesabiwa miaka 10 kuanzia siku ya kuomba, nayo huhuishwa kila miaka 10 mpaka uchoke mwenyewe. Hapa ndipo alama inapozipita haki zote nyingine: haina umri. Lakini inataka kutumiwa. Ukiisajili na kuifungia sandukuni miaka mitano, mtu anaweza kuomba ifutwe.

Neno la tahadhari hapa, maana limewauma wengi. Alama yako ikishatangazwa, jina na anwani yako vinakuwa wazi kwa dunia nzima. Zitakuja barua zenye mihuri na nembo za kutisha, kutoka ng'ambo, zikikudai mamia ya dola ili "uandikishwe" katika kitabu fulani cha kimataifa. Kitabu hicho hakina nguvu yoyote ya kisheria. Usilipe kitu ambacho hujakiuliza KIPI kwanza.

Nirudi kwenye vyeti vinavyochanganya watu. Cheti cha jina la biashara kinaiambia serikali nani yuko nyuma ya duka. Hakikupi umiliki wa jina juu ya bidhaa. Leseni ya kaunti inakuruhusu kufungua mlango. Alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, ni mali ya KEBS, wewe umeruhusiwa tu kuibandika. Vyote vitatu unaweza kuwa navyo, na jina likawa bado liko uwanjani. Ni kweli pia kwamba mtu aliyelitumia jina muda mrefu bila kulisajili ana njia mahakamani ya kumzuia anayejifanya yeye, lakini itambidi athibitishe kwamba wanunuzi wanamjua kwa jina hilo na kwamba wamedanganywa. Mwenye cheti huonyesha cheti. Asiye nacho huita mashahidi kutoka Faza mpaka mahakamani, na nauli juu yake.

Je, yale majina ambayo si ya mtu mmoja? Siyu, jirani zetu hapahapa kisiwani Pate, wanajulikana tangu zamani kwa kazi ya ngozi. Akitokea mtu Nairobi akashona viatu kwa mashine na kuviita vya Siyu, nani atamkemea? Hakuna fundi mmoja anayeweza kusema Siyu ni yangu. Sheria ina mlango wa alama ya pamoja: mafundi wanaunda chama, wanaandika kanuni za ngozi gani, mshono gani, nani anaruhusiwa, kisha chama kinaisajili alama na kila mwanachama anaitumia. Vikapu vya Taita vimeipita njia hii. Wahabeshi walienda mbali zaidi: mwaka 2005 serikali ya Ethiopia ilipeleka maombi Marekani juu ya majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ikavutana na Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Majina yale yalikuwa ya mahali tu, lakini nyuma yake walisimama watu wengi kwa pamoja.

Faza tunayo ya namna hiyo? Nafikiri tunayo, lakini tatizo letu si sheria. Tatizo ni kanuni. Ukiwakalisha wakausha ng'onda kumi, watakubaliana juu ya chumvi kiasi gani na jua siku ngapi? Wakishindwa hapo, alama ya pamoja itakuwa kibandiko tu, na mnunuzi atakigundua kabla ya mwezi kwisha.

Iko sheria nyingine ya mwaka 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni. Ngoma, dawa za miti na ufundi wa mababu huweza kuandikwa katika daftari la kaunti kwa jina la jamii, na mgeni anayetaka kuvitumia kwa biashara atakiwe kuomba idhini kwanza. Wabajuni wana mengi ya kuandika humo. Wazee wa Faza na wawakilishi wa Lamu Mashariki, waulizeni watu wa kaunti, Mokowe, daftari hilo limefika wapi.

Jambo moja lililo kubwa kwetu kuliko kwa watu wa bara ni bahari. Alama ya KIPI inaanzia Kiunga na kukomea Vanga. Ng'onda ikivuka kwenda Tanga iko chini ya BRELA, msajili wa Tanzania Bara. Ikifika Unguja imeingia nchi ya tatu kwa mambo haya, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA, na alama iliyosajiliwa Dar haimfuati mwenyewe akivuka mkondo. Hata muda ni mwingine: Tanzania Bara inatoa miaka 7 kwanza, kisha 10 kila ukihuisha. Kwa anayeuza Ghuba, Kenya iliingia katika Mfumo wa Madrid mwaka 1998 na Oman mwaka 2007, kwa hiyo ukishaomba hapa unaweza, kupitia KIPI, kuielekeza alama yako mpaka Maskati kwa ombi moja. Tanzania haimo katika mfumo huo, na huko utaomba mwenyewe. Kama mzigo wako haujawahi kuvuka gati la Mtangawanda, acha Maskati isubiri.

Hakimiliki ina tabia nyingine kabisa. Haihitaji cheti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakupa haki pale tu kazi yako inapoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Neno la kushika ni hilo: kurekodiwa. Shairi ulilolitunga papo kwa papo harusini likapotea na upepo, mwenzako akalikumbuka akaliandika, utapata shida kusema ni lako. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inaandikisha kazi kwa hiari, na faida ya kuandikisha ni tarehe. Siku ya ugomvi, tarehe ndiyo shahidi asiyesahau.

Kwa kazi ya maandishi, muziki au sanaa ya kuchora, haki inaishi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Tupige hesabu kwa watu wetu. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, na mtunzi alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu. Utenzi ule ni wa wote. Ukitaka kuuchapa na kuuuza Lamu, chapa. Lakini ukichukua kitabu cha mtaalamu wa sasa chenye maelezo na tafsiri yake ukakitoa fotokopi, umegusa mali ya mtu, kwani yale maelezo ni yake. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa hati, mchongaji na mshairi aliyewanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, alifariki mwaka 1945, na kwa hesabu ya miaka 50 mashairi yake mwenyewe yalikuwa huru mwisho wa 1995. Tenzi alizozinakili tu hazikuwa zake hata siku moja, ingawa hati yake ilikuwa nzuri ya kutia wivu. Mwenye mkono wa kunakili si mtunzi, na hukumu hiyo inamhusu pia kijana wa leo anayepakua video ya mwenzake na kuibandika jina lake.

Tena kazi moja huwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Wakubwa wanakumbuka Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu ulivyozunguka visiwani kwa kaseti, ukisomwa na sauti ya mtu mwingine. Mtunzi ana haki katika maneno. Msomaji ana haki katika usomaji wake. Aliyegharimia kurekodi ana haki katika sauti iliyonaswa. Leo kaseti imekuwa faili ya WhatsApp na haki zile bado ni tatu. Kwa hiyo kijana wa Faza anayetaka kuweka sauti ya utenzi kwenye tangazo la nyumba yake ya wageni atafute ruhusa ya zaidi ya mtu mmoja. Na nyumba hiyo ikipiga muziki kwa wageni, inahitaji leseni. Usibishane na mkaguzi, mwombe akuonyeshe kitambulisho na uthibitishe kwamba kampuni anayoitumikia imeruhusiwa na KECOBO.

Katika biashara za kila siku, ugomvi wa hakimiliki ninaousikia zaidi ni wa mchora nembo. Unamlipa kijana mwenye kompyuta akuchoree papa na jua linalochomoza. Baada ya mwaka unamkuta papa yuleyule kwenye mfuko wa mtu wa Kizingitini. Sheria ya Kenya iko upande wako: kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, kama hamkukubaliana vingine. Lakini uliiagiza kwa mdomo, ukalipa kwa M-Pesa bila neno, na kijana anasema alikuuzia nakala tu. Karatasi moja ingemaliza yote: mimi fulani nimechora nembo hii, nimelipwa kiasi hiki, haki zake zote nimempa fulani, tarehe, sahihi mbili. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi. Mpiga picha wa harusi mwambie vivyo hivyo, na yeye akuambie mapema kama anataka kuzitumia picha za bi harusi kwenye ukurasa wake. Hilo, kwa watu wetu, lina uzito kuliko hakimiliki.

Nimeiacha hataza mwisho kwa makusudi. Inatolewa kwa uvumbuzi ulio mpya duniani kote, usiokuwa dhahiri kwa fundi wa kazi ile, na unaoweza kutengenezwa. Kinga yake ni miaka 20 tangu kuomba, na kila mwaka kuna ada ya kuiweka hai. Kizingiti cha kwanza ndicho kinachowaangusha wengi. Mtepe, ile merikebu ya kushonwa kwa kamba bila msumari ambayo Wabajuni walikuwa mabingwa wake, hakuna awezaye kuupatia hataza leo, si Mbajuni wala Mjapani, kwa sababu unajulikana. Kujulikana kunamzuia mwizi na kunamzuia mwenyewe vilevile. Ukibuni lema lenye mwanya wa kutorokea samaki wadogo, ujue watafiti wamekwisha kulijaribu pwani ya Kenya na kuchapisha matokeo. Na ukibuni mtindo wa kuuza samaki kwa simu, huo ni mtindo wa biashara, na sheria inasema wazi haupati hataza.

Lakini si kwamba mlango umefungwa. Mwaka 2018 Lamu ilizindua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki na kufunikwa kwa ndara 30,000 zilizookotwa pwani, na mwaka uliofuata likatweka mpaka Zanzibar. Umbo la jahazi ni la mababu. Jina Flipflopi ni la kulindwa kama alama. Filamu na picha zake zina hakimiliki. Na mahali ambapo fundi anakutana na tatizo ambalo babu hakukutana nalo, kama vile kuifanya plastiki ikubali msumari na randa, hapo ndipo uvumbuzi unapoweza kuzaliwa. Mafundi wetu wanatatua mambo ya aina hiyo kila wiki, kwenye mashine za boti, kwenye majokofu ya samaki, na hawayaiti uvumbuzi.

Ukiona unacho, mambo mawili. Usikionyeshe. Kenya inakusamehe ukikitangaza mwenyewe na kuomba ndani ya miezi 12, lakini Ulaya haisamehi, na video moja ya majivuno inatosha kukufungia soko hilo. Pili, uliza kama hutatosheka na kinga ndogo: iko ya miaka 10 kwa uboreshaji mdogo wa chombo, yenye masharti mepesi, na iko ya umbo la bidhaa, miaka 5 inayohuishwa mara mbili mpaka 15. Kwa fundi seremala aliyebuni kiti chenye sura yake, hiyo ya mwisho inafaa kuliko hataza.

Na yako mambo ambayo kinga yake ni kunyamaza tu. Mpishi wa halwa anayejua saa ya kutia iliki na namna ya kuutuliza moto hana haja ya kumwandikia msajili. Hataza ingemtaka aeleze kila kitu hadharani, na baada ya miaka 20 kila mtu apike. Amwandikishe mkataba msaidizi wake kwamba hatauchukua ufundi kwenda kwa jirani, na hatua ile moja aifanye mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Ukiigwa, usikimbilie polisi. Weka kwanza ushahidi: lebo ya kwanza uliyochapa, risiti zenye tarehe, ujumbe wa wateja, picha ya bidhaa ya mwigaji na risiti ya kuinunua. Kisha mwendee. Visiwani aliyekuiga ni binamu au shemeji, na mara nyingi hakujua. Akikataa, barua ya wakili. Kama ni bidhaa bandia zinazoingia kwa wingi, kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na makosa yale ni ya jinai. Sheria hiyohiyo haimwachi mwenye duka la Faza anayeuza jezi za timu za Uingereza zisizotoka kwa timu, hata kama alizinunua kwa jumla Mombasa bila kuuliza.

Yule bi mkubwa bado hajachapa mifuko yake. Mjukuu wake amepeleka ombi la upekuzi kwa majina matatu, fungu la 29. "Tanga Jeupe" halimo kati ya matatu hayo. Amechagua yake, hajaniambia, na amesema hamwambii mtu mpaka Nairobi wajibu.